Maswali ya Wasomaji: Tukio Limekugusa, Sasa Ushike Kazi Gani?

Barua za mwezi huu zinafanana kwa jambo moja. Kila mwandishi kapatwa na tukio zito, liwe ugonjwa nyumbani, matokeo mabaya, kupunguzwa kazini au kauli ya mwalimu, na anauliza kama tukio hilo ndilo limwonyeshe kazi ya maisha. Tumechagua saba na majina tumeyaficha. Mtaona majibu yetu yanarudia mambo mawili: tukio husema kweli kuhusu kitu kimoja kidogo, ambacho mara nyingi si jina la kazi; halafu tukio huwa na tarehe zake, na dirisha la usajili au la madai linaweza kufungwa wakati mwenyewe bado analia.

Nilimuuguza mama yangu wodini miezi miwili mpaka akapona. Pale pale niliamua kuwa nesi. Sasa matokeo ya kidato cha nne yametoka: Kiswahili na Baiolojia C, Kemia, Uraia, Kiingereza na Jiografia D, Fizikia na Hisabati F. Daraja la nne, pointi 27. Baba mdogo anasema nisahau habari za unesi. Nifanyeje? – Binti wa Korogwe

Mdogo wetu, pole kwa kuuguza na hongera kwa mama kupona. Baba mdogo ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini hajasoma mwongozo. Stashahada ya uuguzi na ukunga inadai ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Masomo manne unayo na yanabaki. Kinachokufungia mlango ni Fizikia peke yake. Hisabati F haikuzuii kuomba, ingawa anayeifaulu huwa mbele pale nafasi zinapogombewa.

Kwa hiyo kazi yako ya mwaka huu ni kupata alama 30 za Fizikia, kwa maana D inaanzia 30. Utasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na si lazima urudie masomo yote. Nenda kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu, mara nyingi ni shule ya sekondari, upewe namba rejea, kisha ukamilishe usajili kwenye mtandao wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa. Dirisha la kawaida ni Januari na Februari. Machi husajili kwa faini. Hapa ndipo wengi wanapokwama: matokeo hutoka Januari, familia inakaa vikao mpaka Machi, na mwaka mzima unapotea. Muulize mkuu wa kituo siku hiyo hiyo utafanyaje sehemu ya vitendo, maana anayejisomea nyumbani hugundua Oktoba kwamba hajawahi kushika amita.

Kusoma kwenyewe usianzie ukurasa wa kwanza wa kitabu. Pakua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwenye tovuti ya NECTA. Ni bure, na zinaeleza swali kwa swali wenzako walikosea wapi na kwa nini. Chukua mitihani ya miaka mitano, weka alama kwenye mada zinazojirudia kila mwaka, anza na hizo. Matokeo mapya yatakuwa na namba ya mtihani inayoanza na P badala ya S ya shule. Utakapoomba chuo utajaza namba zote mbili, na ufaulu wa vikao viwili utaunganishwa.

Maombi ya kozi za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na mfumo unasoma alama zako moja kwa moja. Kwa hiyo dalali anayekuambia “wewe lipa ada, Fizikia tutaiweka sawa” anachukua fedha yako na hana atakachokiweka sawa. Kozi ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6, na baada yake kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Sasa upande ambao hukuuliza. Ulimuuguza mtu mmoja, tena mama yako. Nesi ana wodi nzima ya watu asiowajua, na wengine wanamtukana. Kabla hujalipa ada, omba ruhusa kwenye zahanati au kituo cha afya, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa, ukae siku tano ukisaidia kazi ndogo ndogo. Usiangalie sindano tu. Angalia makabidhiano ya zamu, vipimo vya joto, mapigo, upumuaji na presha vinavyoandikwa kwenye chati kila baada ya saa kadhaa, na hesabu za kitandani. Daktari akiandika lita moja ya dripu iishe kwa saa nane, na seti inatoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani kama 42 kwa dakika. Nesi anasimama pale, saa mkononi, anahesabu matone na kulegeza kidhibiti taratibu. Kama kazi hiyo inakuvutia siku ya tano kama ilivyokuvutia ya kwanza, ni yako.

Ikiwa kilichokugusa wodini ni dawa zenyewe, stashahada ya famasi inadai Kemia na Baiolojia, na hizo umeshazifaulu. Kama ni kukaa na ndugu wa mgonjwa waliochanganyikiwa na kuwatafutia msamaha wa gharama, hiyo ni kazi ya afisa ustawi wa jamii, na haidai Fizikia. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka utakaoomba, kwa sababu sifa huboreshwa mara kwa mara.

Kwenye semina ya shule tuliambiwa kila aliyefanikiwa ana siku moja iliyomwonyesha njia. Mimi niko kidato cha tatu na sina siku hiyo. Nimechelewa? – Mwanafunzi, Arusha

Hujachelewa, na semina ilizidisha chumvi. Chukua mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, aliweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye, alipofika Mkwawa, Iringa, darasani wakawa wanamtania kwa “fizikia ya Mpemba”. Huko huko akamwuliza mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne: vyombo viwili sawa, maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine 100, kwa nini cha 100 kinatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar, akafanya jaribio, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na jina lake limo vitabuni.

Kwa hesabu za semina yenu, Mpemba alipaswa kuwa mwanafizikia. Lakini makala ilipotoka alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ikawa ya wanyamapori. Tukio kubwa kuliko yote ya ujana wake halikumchagulia kazi. Lilichoonyesha ni tabia: anaona kitu, anauliza, akichekwa anauliza tena kwa mtu mwingine. Tabia hiyo inafaa kwenye fizikia, na inafaa porini pia.

Kwa hiyo acha kusubiri siku. Chukua daftari, na kila Ijumaa uandike mistari mitatu: jambo gani wiki hii ulilifanya bila kusukumwa, lipi ulilikwepa, na nani alikuja kukuomba msaada wa nini. Ukifika muhula wa pili wa kidato cha nne, wakati wa kujaza fomu ya machaguo, utakuwa na kurasa za kusoma badala ya kubahatisha.

Nilijifungua nikiwa kidato cha tatu. Mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Nataka kuwa mwalimu lakini mama anasema shule imeshanipita. – Mama Kijana, Singida

Haijakupita, ila usichelewe. Tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi katika mfumo rasmi, na waraka umeweka muda wa miaka miwili. Unayo miezi michache. Nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule yako ya zamani. Kama hutaki kurudi pale pale, omba kuhamishiwa nyingine. Beba cheti cha kuzaliwa na matokeo yako ya kidato cha pili.

Ukiona ratiba ya shule haiendani na kunyonyesha, kuna elimu ya sekondari kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, inayobana vidato viwili ndani ya mwaka mmoja. Na kwa kuwa mtihani wa kidato cha pili uliufaulu, hata ukiamua kujitegemea hutahitaji mtihani wa maarifa, ule wa QT. Huo ni wa ambao hawakupita kidato cha pili.

Nina miaka tisa nafunga umeme majumbani Mwanza. Mwezi uliopita mkandarasi alinikubali kwa kazi ya ghorofa, akaomba cheti, sina. Kazi akapewa kijana niliyemfundisha mimi. Nimeumia sana, nafikiria kuachana na umeme niuze vifaa. – Fundi, Nyamanoro

Kaka, kuumia ni haki yako. Lakini soma tena ulichoandika: mkandarasi alikukubali. Mkono wako haukukataliwa, kilichokosekana ni karatasi, na karatasi inatafutika bila kurudi darasani miaka miwili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha chuo cha VETA au ofisi ya kanda, unafanyiwa tathmini, ukionekana una pengo unapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, halafu unatunukiwa cheti. Uliza awamu inayofuata ni lini, na kama kuna inayofadhiliwa na Serikali, kwa sababu fani ya umeme hujaa mapema.

Mafundi wa mtaani hawaanguki kwenye kufunga. Wanaanguka kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni vielelezo: mtu ana miaka tisa ya kazi na hana hata picha moja. Kuanzia leo, kila nyumba piga picha ya boksi la saketi breka likiwa wazi, kabla na baada, fimbo ya ethi ilipochomekwa, na mabomba kabla hayajapigwa plasta. Andika tarehe, mtaa, namba ya mteja aliyekubali kupigiwa simu, na waya uliotumia, kwa milimita za mraba: 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko. Nyumba kumi zilizoandikwa hivyo zinamwambia mtathmini mengi kuliko kusema “nina uzoefu”.

Cha pili ni mchoro. Utawekewa ramani ya vyumba vitatu yenye alama za swichi na taa, uambiwe uisome. Kama umezoea kuelekezwa na mwenye nyumba kwa kidole, omba kijana wako aliyesoma akufundishe alama hizo jioni mbili tatu. Ulimfundisha umeme, haoni aibu kukufundisha alama.

Cha tatu ni mpangilio wa usalama. Unazima, unafunga au kuweka kibao ili mtu asiwashe, unapima kwa kifaa ambacho umekihakiki kwanza kwenye chanzo chenye umeme, ndipo unagusa. Fundi mzoefu hugusa kwanza kwa testa ya bisibisi na kuendelea. Mbele ya mtathmini hilo linakuondoa, na ni halali likuondoe. Testa hiyo ikiharibika haitoi taarifa.

Cheti peke yake hakikuruhusu kusaini kazi. Kwa ufungaji wa umeme utahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Leseni hiyo ina madaraja, na anayeanza hupewa daraja la kazi ndogo. Ghorofa la mkandarasi utalipata kwa kufanya chini ya mwenye leseni ya juu huku yako ikipanda. Duka la vifaa si wazo baya, lakini liwe kwa sababu hesabu zake zinalipa. Kufungua duka kwa hasira ya mtu mmoja kukunyima kazi ni kumlipia yeye kodi ya fremu.

Nimefanya uhasibu kampuni ya usafirishaji miaka 12. Juzi saa nne asubuhi nimeitwa, saa sita nimeshakabidhi funguo: “tunapunguza watu”. Mshahara wangu ulikuwa 900,000, kazi siku sita kwa wiki. Nina miaka 43. Nimeona ni ishara, nichukue mafao yote nianze kuku wa nyama 1,000. – Baba Watoto Watatu, Tabata

Ndugu yetu, kuku watazungumzwa. Kwanza tarehe, kwa maana una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Kupunguzwa kunataka mwajiri atoe taarifa ya nia yake, atoe sababu, na akae mezani na wafanyakazi au chama chao kujadili nani apunguzwe na kwa vigezo gani. Saa nne kuitwa na saa sita kukabidhi funguo si mjadala. Huenda ulikuwepo usioujua, lakini usisaini karatasi yenye maneno “sina madai yoyote” kabla hujapiga hesabu hizi.

Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka kumi. Wako ni wa siku 70. Kwa kazi ya siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26: 900,000 ni kama 34,615 kwa siku, mara 70 ni takriban 2,423,000. Ongeza malipo ya notisi ya siku 28 kama hukupewa notisi, likizo ambayo hukuitumia, siku ulizofanya mwezi huu, na nauli na mizigo kama uliajiriwa kutoka mkoa mwingine. Dai pia cheti cha utumishi. Kama 900,000 ilichanganya posho, hesabu hii hufanywa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo kiasi kitashuka.

Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi na akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe anaweza kulipwa fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Wewe una miaka 12. Takriban 300,000 kwa mwezi haitoshi Tabata, lakini inakununulia muda wa kufikiri, na muda ndio unaokosekana. Peleka barua ya kuachishwa na kitambulisho, na usisubiri.

Sasa hiyo ishara. Katika barua yako yote hujaandika neno moja la kuchukia vitabu na hesabu. Unachokichukia ni kuwa na mwajiri mmoja anayeweza kukutoa ndani ya saa mbili. Hilo ndilo tukio limesema, na dawa yake ni kuwa na wateja wengi. Kuku ni njia moja. Nyingine iko kwenye vidole vyako: maduka, gereji, zahanati binafsi na wenye malori mawili matatu hapo hapo Tabata, Segerea na Buguruni, ambao kila mwezi wanahangaika na kodi ya mishahara kabla ya tarehe 7 na VAT kabla ya tarehe 20, na wanalipa faini kwa kuchelewa. Wateja sita wanaokulipa 100,000 kila mmoja ni theluthi mbili ya mshahara wako wa zamani, na hakuna hata mmoja anayeweza kukufukuza kazi nzima. Angalia tu mipaka: kukagua na kusaini hesabu ni kwa wenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, waliosajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, na ushauri wa kodi una leseni yake TRA. Kuandika vitabu na kuandaa taarifa kwa niaba ya mwenye duka ndiyo pa kuanzia.

Ukitaka kuku bado, fuga 100. Chumba cha mita za mraba kumi, vifaranga 100, joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza taratibu. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Mpaka wiki ya sita watakuwa wamekula karibu kilo 400 za chakula, yaani mifuko minane ya kilo 50. Wewe ni mhasibu, fungua daftari: kifaranga, chakula, mkaa, pumba za kulalia, dawa, umeme, vifo, na kazi yako mwenyewe ijilipe kitu. Wakifa zaidi ya watano, tafuta sababu kabla ya kundi lingine. Kwa kawaida ni baridi ya usiku wa wiki ya kwanza au unyevu sakafuni. Lakini kinachowamaliza wafugaji wapya si vifo. Ni wiki ya sita: kuku wako tayari, mnunuzi aliyeahidi hapokei simu, na kila siku unayongoja wanakula karibu mfuko nusu huku faida ikiyeyuka. Ukiuza makundi mawili ya 100 kwa faida iliyoonekana kwenye daftari, nenda 300. Elfu moja kwa kiinua mgongo chote ni kumpa mwajiri mmoja mwingine, safari hii anaitwa bei ya soko, uwezo ule ule wa kukutoa kwa saa mbili.

Naomba ufadhili wa chuo kikuu, nataka uhandisi wa maji. Fomu inasema nieleze kwa maneno 500 “tukio lililokufanya uchague taaluma hii”. Sijapatwa na msiba wowote. Nitunge? – Mwanafunzi wa zamani, Kilifi

Usitunge. Wanaosoma fomu hizo husoma mamia, na msiba wa kutunga wanaujua kwa jinsi unavyokosa majina ya vitu. Tena hawatafuti msiba. Wanataka kuona ulifanya nini.

Kulipata tukio, tumia njia ya mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan, aliyeieleza mwaka 1954 baada ya kuitumia kuchunguza kazi za marubani wa kijeshi. Alikataza majibu ya jumla kama “rubani bora ni jasiri”, akataka tukio moja halisi: nini kilitokea, mhusika alifanya nini hasa, matokeo yakawa nini. Kaa chini uandike matukio matano ya maji au ya kurekebisha vitu katika miaka mitatu iliyopita, kila moja kwa vichwa hivyo vitatu. Lenye kichwa cha pili kirefu zaidi ndilo lako. Kama kichwa cha pili ni “nilihuzunika”, liache.

Mgao wa maneno tunaoupendekeza ni huu: tukio 80, ulichofanya baada yake 170, kilichobadilika na ulichojifunza 150, na kwa nini kozi hiyo, chuo hicho, 100. Waombaji wengi hugeuza, wanatumia 350 kwa tukio na kumalizia kwa “ndiyo maana nataka kuwa mhandisi”.

Mwanzo mbovu: “Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mhandisi wa maji ili niisaidie jamii yangu.” Mwanzo unaosomeka: “Kisima cha shule yetu kilifungwa maji yalipozidi chumvi, na kidato kizima tukawa tunapanga foleni kwenye tangi moja. Nilianza kuandika kila asubuhi tangi linajaa saa ngapi na linakwisha saa ngapi.” Hapo msomaji anataka kujua daftari lilionyesha nini, na unayo maneno 170 ya kumwambia. Weka kila kitu ambacho mwalimu wako anaweza kukithibitisha akipigiwa simu, na usiweke ambacho hawezi.

Ukiitwa mahojiano utaulizwa swali lile lile kwa mdomo. Lijibu kwa dakika mbili, mgao ule ule. Jambo jingine: kabla hujaandika jina la kozi, fungua mtandao wa KUCCPS, chombo cha Kenya kinachopanga wanafunzi vyuoni, uangalie alama za chini zinazotakiwa kwa Hisabati, Fizikia na Kemia. C+ ya jumla inakupa haki ya shahada, lakini kozi za uhandisi zina masharti yake ya somo kwa somo, na insha nzuri haimwokoi aliyekosa alama ya Hisabati.

Nimepata PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) kwenye matokeo lakini nilijaza HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kwa sababu rafiki zangu wote walijaza hiyo. Naweza kubadili? – Form Four leo, Form Five kesho, Dodoma

Unaweza, ukiwahi. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili mhitimu abadili machaguo kulingana na ufaulu wake. Utahitaji namba ya mtihani, na majibu ya maswali ya utambulisho kama ulivyoyajaza shuleni. Ukiwa umeyasahau, mwalimu wa taaluma anayo fomu yako.

Sharti la kidato cha tano ni C tatu au zaidi katika masomo yako yote, na kwa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko uliouchagua, pointi zisizidi 10 na kusiwe na F hata moja. C, C na D ni 3, 3 na 4, jumla 10. Umepita, kwa shida, mradi una C ya tatu kwenye somo jingine. Tangu 2024 tahasusi zimeongezeka hadi 65, kwa hiyo usiangalie PCB na HKL tu. Angalia pia ni shule zipi zinafundisha unayoitaka, maana ukichagua tahasusi iliyopo shule chache, ushindani wake ni mkali. Ukishabadili, chapisha fomu mpya uitunze, na urudi kwenye mfumo siku inayofuata kuhakikisha mabadiliko yamehifadhiwa. Mtandao ukikatika katikati, chaguo la zamani ndilo hubaki.